Mlango Uliozibwa kwa Tofali

Rafiki yangu Mbaruku, fundi mwashi wa Bagamoyo, alikuwa anakarabati nyumba kongwe ya mawe. Mwenye nyumba akaung'oa mlango wa nakshi, akauuza, akataka pale pazibwe kwa tofali.

"Mlango wa mababu unauzwa kama kuni!" Mbaruku alifoka.

"Nyumba yako au yangu? Ziba!"

Akaziba, kisha akamwaga sakafu ya saruji.

Alasiri alirudi kupitia uani kufuata mwiko alioacha kizingitini. Madirisha yalipigiliwa mbao. Ndani giza totoro. Mara, kutoka pale palipozibwa, pete ya chuma ya mlango ikagonga mbao: ko, ko, ko.

"Hodi."

Akadhani ni yule bwana. "Karibu! Si nyumba yako?"

Mlango ukalia kwa muda mrefu, kama unaofunguliwa. Akamulika kwa simu. Tofali zilikuwa vilevile. Lakini kwenye saruji mbichi nyayo za miguu mitupu zilianzia ukutani, zikaishia mbele ya viatu vyake.