Kilima Kilichoonekana Shimo

Walikutana kwenye foleni ya mikate mjini Daejeon, Jumamosi mchana, watu wamebanana hadi barabarani. Maeng Duhyon, mtafiti wa miamba, macho yote kwenye simu, akamkanyaga msichana wa koti la njano. Badala ya kumgombeza, Ok Seryong alichungulia ile simu, akamwuliza ni kitu gani hicho kinachomsahaulisha miguu ya watu. Duhyon akajibu kwamba ni picha za setilaiti. Anatafuta mashimo yaliyochimbwa na vimondo vilivyoanguka zamani za kale. Seryong akacheka: yeye huchora ramani, ofisi yao ni mtaa wa pili. Mapenzi hayo hayakuhitaji mshenga.

Miezi sita baadaye Duhyon akaona duara katika milima ya Gangwon, shimo la kilomita tatu ambalo hakuna aliyewahi kulitaja. Ijumaa angelitangaza mbele ya wataalamu wenzake. Alimwonyesha Seryong peke yake. Tangu hapo binti akabadilika: simu ikilia anatoka nje, akirudi anazungumzia mvua. Duhyon, ambaye wivu ni ugonjwa wake wa siku nyingi, alivizia Seryong alipokwenda kunawa, akaisoma simu. Ujumbe ulikwenda kwa Pyo, mtafiti mshindani wake: "Duara nimeliona. Duhyon asijue kwanza."

Seryong aliporudi alimkuta ameishika.

"Umeniuza," alimwambia. "Tena kwa Pyo, kati ya watu wote."

Seryong alitoa picha ya Gangwon mkobani, akaigeuza juu chini, akaiweka mezani.

"Haya, tazama, Mtafiti Maeng."

Siku zote alimwita kaka, kama wasichana wa kwetu Korea wawaitavyo wapenzi wao. Leo alimpa cheo na jina la ukoo, na Duhyon alihisi baridi.

Lile shimo lilikuwa limeumuka, limekuwa kilima. Setilaiti hupita asubuhi, jua likiwa kusini-mashariki, yaani upande wa chini wa picha, na jicho limezoea mwanga utokao juu; kwa hiyo kilima kinaweza kuonekana bonde. Kosa hili huwapata hata mabingwa. Seryong alishuku, akamwomba Pyo vipimo vya urefu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa navyo. Hakutaka kumvunja mtu moyo kabla ya kuwa na hakika.

"Mimi nahangaika usiaibike," alisema, "wewe unaniona mwizi." Akachukua simu yake, akaondoka.

Ijumaa Duhyon alipanda jukwaani, akawaambia watu mia mbili kwamba shimo lake ni kilima, na aliyegundua kosa ni Ok Seryong. Wengine walicheka. Alivumilia, maana aibu hiyo aliistahili. Jioni Seryong akapiga simu: njoo tule tambi.

Walipokaa mgahawani, Seryong aliilaza simu yake kifudifudi mezani, akaenda jikoni kwa mama mpishi. Simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Moyo wa Duhyon ulimwapia kwamba ni Pyo. Akaikalia mikono yake.

Seryong akarudi, akaketi. "Nani alikuwa ananitafuta?"

"Sijui. Sijaigusa."

"Hata kidogo?"

"Mikono imekufa ganzi, kama huamini ishike."

Akaifunua simu, akamsogezea. Ujumbe alikuwa ameuandika mwenyewe kule jikoni, kwa simu ya mama mpishi: "Ukisoma haya nikiwa nimeshakaa mbele yako, nioe. Ukiyasoma kabla, kula tambi zako uende kwenu."

Duhyon akasoma mara mbili.

"Lini?" akauliza.