Sasisho la Mwezi wa Saba

Saa nane na robo mchana, siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba kwa kalenda ya zamani, meza ya sadaka iliingizwa ndani ya maabara.

Miaka yote ilikaa nje, kwenye kibaraza cha jengo, upande wa barabara. Ndivyo inavyofanywa Taipei nzima. Mwezi huo wafu wasio na mtu wa kuwalisha huachiwa watembee, na kila ofisi huwaandalia chakula, lakini mlangoni, si ndani. Hakuna anayewaita kwa jina lao. Huitwa Ndugu Wema. Hata walio hai hawaitani kwa majina kamili mwezi huo, wasije wakasikika.

Siku hiyo kimbunga kilikuwa kinapiga kibaraza kwa mvua.

"Ingizeni ndani," alisema Mkurugenzi Kuo. "Tusali, tule, turudi kazini. Sasisho linatoka saa kumi na mbili."

"Bosi, wageni hawa ukiwakaribisha ndani hawaagi," alisema Tsung-han. Alikuwa amebeba beseni la maji na taulo, vya Ndugu Wema kunawia.

"Wakibaki tutawapangia zamu. Angalau hawatachelewa kama wewe."

Watu walicheka. Hui-ching hakugeuka. Mbele yake ulikuwapo ubao mama wa kompyuta ulio wazi, bila kasha, naye alikuwa anauandikia programu mpya. Ndani ya programu hiyo mlikuwa na maagizo madogo ya prosesa, yale yanayoifundisha prosesa yenyewe namna ya kutekeleza kila amri. Walioitengeneza prosesa walikosea mahali, mashine za wateja zikawa zinazimika, na marekebisho yalikuwa yanapitia kwenye ubao. Ubao huyasoma kila unapoamka, kabla ya kitu kingine chochote. Ukishayakubali, kufuli hujifunga, na hakuna kurudi kwenye toleo la zamani. Kisha nakala ya wateja husomwa kutoka kwenye ubao uleule uliofaulu majaribio, ili wapate kilekile kilichojaribiwa.

Kwa sababu muda ulikuwa mfupi, Tsung-han alikuwa anaipa sasisho hilohilo, dakika hizohizo, kompyuta inayoendesha chumba cha joto, kile cha majaribio.

Kuo aliwasha vijiti vitatu vya ubani, akainama. "Ndugu Wema, karibuni ndani. Kuleni mshibe."

Kwenye skrini ya Hui-ching uandishi ulikuwa umefika nusu. Ubao ukalia, mlio mmoja mfupi.

"Umefunga kispika?" aliuliza Tsung-han.

"Sijafunga."

"Basi nani kapiga mluzi?"

Hui-ching aliukagua ubao. Pini za kispika zilikuwa tupu. Uandishi ulikwisha, kufuli likajifunga, na hapo ndipo aliposikia harufu ya tope, tope la bwawa lililokaa muda mrefu. Maji ya beseni yalikuwa yamepungua. Vijiti viwili vya ubani vilikuwa vimeungua upesi na kimoja kimebaki kirefu. Kila mtu pale alijua maana yake: kifo. Tsung-han aliving'oa akavitia mfukoni kabla Kuo hajaona.

"Hujaona kitu, dada," alinong'ona.

"Sijaona."

Saa tisa ubao, pamoja na skrini na kibodi yake, ulipelekwa kwenye chumba cha joto, chumba chenye kuta nene za chuma na dirisha dogo la vioo viwili, ambamo mashine hujaribiwa kwa nyuzi arobaini na tano. Kebo ya skrini ililegea. Hui-ching aliingia kuibana. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Alishika mpini. Haukuzunguka. Alibonyeza kitufe chekundu cha dharura, akabonyeza tena. Namba ya joto juu ya mlango ilitoka arobaini na tano ikaenda arobaini na sita.

Uso wa Tsung-han ulitokea dirishani. Sauti yake ilikuja kupitia simu ya ukutani.

"A-Ching, toka bwana, huko siyo sauna."

"Haufunguki. Zima umeme."

"Nimezima," alisema, na safari hii hakutania. "Nimeng'oa waya kabisa. Bado kinawaka."

Nyuma yake Kuo alikuwa anapiga kelele aitwe fundi wa jengo, halafu akakimbia kumtafuta mwenyewe.

Feni ya prosesa ilipanda kasi, ikashuka, ikapanda. Ilikuwa inavuta pumzi. Hui-ching alitoa simu yake ya mkononi akampigia mama yake, ambaye hupandisha mizimu kwenye hekalu dogo la mtaa wa Wanhua.

"Mama, meza tuliiweka ndani."

"Nani mjinga kaiweka ndani?"

"Kuna harufu ya tope. Mlango umejifunga. Ninaungua, Mama."

Mama yake alishusha sauti, kama aliye karibu na mtoto aliyelala. "Huyo alikufa maji. Mmemwita aingie, kisha mmemfungia mahali pasipo na mlango wa nyuma. Na yeye anataka kutoka, mwanangu, kama wewe. Aliyezama hatoki mpaka apate wa kukaa mahali pake. Akikuuliza jina, usimpe. Umenisikia? Jina lako kamili usi—"

Simu ilikatika.

Skrini iliyounganishwa na ubao ikawa nyeusi, kisha likatokea neno moja: NANI. Chini yake kialama cha kuandikia kiliwaka na kuzima, kikisubiri. Joto lilikuwa hamsini na nane, na hewa iliyopaswa kuwa kavu ikawa nzito na yenye maji, ikashuka kifuani kwa Hui-ching kama mtu anayekunywa asichotaka, na kila alipokohoa feni ilikohoa pamoja naye, na neno lile likajiandika tena chini ya lile la kwanza, na tena, mpaka likajaza skrini yote, naye akajua kwamba hatafika mwisho wa dakika zilizobaki akiwa mzima, kwamba fundi wa jengo hatafika, na kwamba kitu kile hakikuwa na haja ya kumchukia; kilikuwa kinataka mlango tu, kama alivyoutaka yeye.

Aliweka mikono kwenye kibodi. Alimfikiria Kuo, ambaye ndiye aliyekaribisha, lakini watu wote walimwita Mkurugenzi na jina lake la kuzaliwa hakulijua.

Dirishani Tsung-han alikuwa anapiga kioo kwa kizima moto. "Nipo, A-Ching! Siondoki! Niangalie mimi!" Kila alipopiga, kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake kiligonga kioo, kikatulia, kikagonga tena. Jina lake lote lilikuwa pale, kwa herufi kubwa.

Hui-ching aliandika Shih Tsung-han, akabonyeza kitufe cha kukubali.

Mlango ulifunguka wenyewe. Tsung-han alimdaka akamketisha sakafuni, akawa anampepea kwa mkono huku akicheka kwa woga ulioisha.

"Umenitisha, dada. Ningemwambia nini mama yako?"

Halafu alikohoa. Alitazama kiganja chake, akakohoa tena, akapiga magoti.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walifika saa kumi na dakika ishirini. Walipomgeuza ubavu, maji yalimtoka puani na mdomoni, meusi, yenye majani. Sakafu ilikuwa kavu. Walimfanyia kazi nusu saa, kisha wakamfunika.

Saa kumi na moja na nusu Kuo alienda kwenye chumba cha joto. Ubao ulikuwa unafanya kazi vizuri, bila kosa hata moja.

"Wateja wanazimikiwa na mashine dunia nzima," alisema, kama anayejitetea. "Hui-ching. Jaribio lilifaulu?"

Ili kuzuia sasisho lisitoke, ilibidi Hui-ching aseme aliandika jina la nani. Alifungua mdomo. Feni ilipungua kasi, ikatulia kabisa, kama mtu aliyetega sikio.

"Lilifaulu," alisema.

Kuo alisoma nakala kutoka kwenye ubao. Sasisho lilitolewa saa kumi na mbili kamili. Saa kumi na mbili na dakika mbili kompyuta ya kwanza, ya mteja mmoja wa Ufaransa, ilikuwa imelikubali.