Chakula cha Maksai

Mpunga wa Lusubilo na Jenista ulikuwa umeshapigwa na kuingizwa ndani. Kwenye majaruba yalibaki mabua tu. Kila mwaka, kazi hiyo ikiisha, Lusubilo huyachoma yote ili shamba liwe safi. Baba yake alifanya hivyo, na karibu kijiji kizima cha Kamsamba hufanya hivyo.

Mwaka huu alitafuta kiberiti, hakukiona.

"Mama Faith, kiberiti kiko wapi?"

"Ninacho mimi," Jenista alijibu. Alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga. "Na sikupi."

Lusubilo alicheka, akidhani mkewe anamtania. Jenista hakucheka. Alikuwa anawawaza maksai wao wawili, Shujaa na Komando. Msimu uliopita mvua ilichelewa mpaka Krismasi ikapita. Malisho yaliisha, ng'ombe wakakonda mpaka mbavu zikahesabika. Mvua iliponyesha, Shujaa alifungwa nira, akavuta kidogo, akalala kwenye tope. Basi wakalima kipande kidogo kwa jembe la mkono, na wakavuna magunia machache. Hali hiyo ikijirudia, watoto watalala njaa. Jenista aliogopa sana.

"Sasa mabua utayafanyia nini?" Lusubilo aliuliza. "Utashona godoro?"

"Twende kwa Mama Diana, atakueleza."

Mama Diana, yaani Alinanuswe, ni jirani yao. Alizaliwa milimani Ileje, akaolewa huku bondeni. Kwao maeneo ya kuchungia ni madogo, hivyo watu hukata majani na kuwapelekea ng'ombe bandani. Majirani humcheka anavyokusanya mabua. Lakini ng'ombe wake walivuka kiangazi kile wakiwa wamesimama.

"Karibu, shemeji," Alinanuswe alisema. "Umekuja kuona godoro langu?"

Lusubilo aliona aibu kidogo. Maneno yale ya godoro alikuwa ameyasema mitaani kwa sauti kubwa, akimcheka Alinanuswe.

"Lakini shemeji, vitu vikavu hivi vina nguvu gani?" aliuliza.

"Peke yake nguvu ni ndogo, sikudanganyi. Changanya na pumba laini za mashine ya kukoboa mpunga. Waning'inizie jiwe la chumvi walambe. Maji wanywe ya kutosha. Hawatanenepa, ila hawatalala chini."

"Na mchwa?"

"Ndiyo maana nimejenga kichanja. Anika mabua yakauke kwanza, kwa sababu yakiota ukungu yatawadhuru ng'ombe. Yapange juu ya kichanja, uyafunike. Zungushia miiba, la sivyo watayamaliza mapema. Malisho ya nje yakipungua, anza kuwapa mabua asubuhi na jioni."

"Zamani hatukuhangaika hivi."

"Zamani mvua ilikuja kwa wakati wake. Siku hizi hali ya hewa imebadilika. Ukichoma leo, mvua ikichelewa utawapa majivu?"

Lusubilo alikuna kichwa. "Watu watanicheka."

"Watakucheka ukiwa na maksai," Alinanuswe alimjibu.

Wiki ile Lusubilo na Jenista walianika mabua, wakayasomba kwa mkokoteni mpaka kwenye kichanja walichojenga. Waliochungulia wakacheka, na Lusubilo akanuna. Hata hivyo kazi aliimaliza.

Kiangazi kikaja, kikakaa. Desemba ikaisha bila mvua. Nyanda zote zikawa vumbi. Kila asubuhi na jioni Jenista alichota mabua na kuyachanganya na pumba. Shujaa na Komando walikonda kidogo, lakini walitembea wenyewe kwenda kunywa maji. Rundo lilikuwa linakaribia kwisha mvua iliponyesha.

Asubuhi iliyofuata Lusubilo aliwafunga nira. Jenista alishika kamba, akawaongoza. Plau ikazama. Shujaa akavuta, Komando akavuta, wakafika mwisho wa jaruba, wakageuka. Jenista alipiga kigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka.

Jioni Nikodemo, jirani wa upande wa pili, alikuja akiangalia chini. Yeye alikuwa mmoja wa waliocheka.

"Ndugu yangu, maksai wangu mmoja hawezi kuinuka," alisema. "Mabua yamebaki?"

Jenista alimtazama mumewe. Alijua jinsi kicheko kile kilivyomuuma.

"Yamebaki kidogo. Chukua yote," Lusubilo alisema. "Mimi niliyachoma miaka mingi kuliko wewe. Mpe na pumba na maji. Wewe usihangaike na jembe la mkono. Tukimaliza hapa, Shujaa na Komando watakuja kulima kwako."