Sungura Mweupe na Majani ya Karoti

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Kijino alikimbilia bandani kuwatazama sungura. Jina hilo la utani alibandikwa na kaka yake kwa sababu ya pengo lake la mbele, nalo likamganda. Kati ya sungura wote, jike mweupe ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake.

Asubuhi hiyo jike mweupe hakuja mlangoni. Alijivuta kwa miguu ya mbele, na ile ya nyuma ikamfuata kama kitambaa kilicholowa. Kando yake palikuwa na majani ya karoti. Kijino hakuwa ameyaleta.

Akageuka kulitazama dirisha la jirani yao, fundi cherehani. Juzi tu fundi huyo alilalamika kwamba harufu ya sungura inaingia kwenye nguo za wateja.

"Ni yeye," alimnong'oneza kaka yake. "Amemtilia sumu."

"Umemwona?"

"Jana jioni nilimwona akitoka huku uani, mikono nyuma. Mtu mwema anaficha mikono ya nini?"

Kaka yake akakuna kichwa. "Na leo amenisalimia kwa furaha kupita kiasi."

Basi kila walichokumbuka kikawa ushahidi. Mama aliwasikia akiwa jikoni.

"Neno hilo lisivuke ukuta huu mpaka tumwone daktari," alisema. Akamlaza mgonjwa kikapuni, na majani akayatia mfukoni.

Walipopita mlangoni kwa fundi, aliinua uso. "Mnaelekea kwa daktari wa mifugo?"

Kijino akamkata jicho. "Mama, amejuaje?" aliuliza walipofika mbali.

"Masikio yanachungulia kikapuni, mwanangu."

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliyanusa majani, akamfungua sungura mdomo na kummulika macho.

"Majani ni mazima," alisema. "Tena sumu mara nyingi ingemsumbua mwili mzima. Huyu kichwa na miguu ya mbele viko sawa. Kasoro inaanzia hapa." Alipitisha kidole gumba mgongoni. Kilipofika kiunoni, sungura akashtuka.

"Ndani ya mifupa hii mna ugwe mgongo, laini kama uzi mnene, unaotoka kwenye ubongo. Humo ndimo neva zinamotoka kwenda kila kiungo. Ubongo ukitaka mguu uruke, amri hupita hapa. Mguu ukiumia, habari hurudi kwa njia hiyo hiyo. Njia ya huyu imeumia."

"Atapona?"

"Ugwe ukiwa umekatika, sina dawa. Itabidi nimpumzishe milele asiteseke."

Daktari akaubana mguu wa nyuma. Mguu ukajivuta.

"Amesikia," alisema Kijino.

"Usifurahi bado. Ugwe wenyewe unaweza kuuvuta mguu, ubongo usijue lolote. Tazama kichwa."

Akabana kwa nguvu zaidi. Kimya. Akabana tena. Sungura akageuza kichwa na kutoa mlio mwembamba. Daktari akashusha pumzi.

"Habari imefika ubongoni. Ugwe umepondeka, haujakatika." Akavua miwani. "Sungura ana misuli yenye nguvu na mifupa myepesi. Ukimnyanyua miguu ikining'inia, anapiga teke na kujivunja mgongo mwenyewe. Jana alibebwa na nani?"

Mama akamgeukia kaka mtu, bingwa wa fujo nyumbani.

"Si mimi, Mama. Kweli tena."

"Wewe kila kitu si wewe."

Kijino alimtazama kaka yake. Angenyamaza tu, lawama zingempita.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimnyanyua kwa ngozi ya shingo ili nifagie. Akapiga teke, akaniponyoka. Nilimwona ametulia, nikadhani yuko salama."

Daktari aliwapa dawa, akaagiza sungura akae kwenye boksi dogo asirukeruke.

Waliporudi, Kijino alisimama mlangoni kwa fundi. "Shikamoo. Majani ya karoti ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu. Niliwatolea maneno makali juzi, nikaona niwapoze kwa kuwalisha sungura wenu. Kwani yamemdhuru?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemuumiza, halafu nikasema umemtilia sumu. Nisamehe."

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono. "Imeniuma," alisema. "Lakini umekuja mwenyewe. Nimekusamehe."

Siku ya kumi na saba, jike mweupe aliinua mguu wa nyuma akajikuna sikio. Kijino alimwita Mama, akamnyanyua sungura polepole, kiganja kimoja chini ya kifua, kingine kikibeba matako yake.

"Sasa umejua kumbeba," alisema Mama. "Na hili pia ulijue. Daktari naye alikuwa na mashaka, ila alipima kwanza ndipo akasema. Ukimshuku mtu, pima kwanza, na uanze na uliyoyatenda wewe."