Kiti cha Kukaa

Naapa kwa meno yangu matatu yaliyobaki: hadithi hii ni ya kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Nikitia chumvi hata punje moja, nipigwe faini.

Nyumbani kwetu tulikuwa watatu, na kila mtu alikuwa peke yake. Binti yangu alifanyia kazi chumbani kwake, akipokea simu za wateja wa kampuni ya maji tangu asubuhi. Mlangoni alibandika karatasi: NIKO KAZINI. Mimi, mstaafu, nilikaa sebuleni na redio yangu. Mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili alirudi kutoka shuleni saa tisa, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akafanya hesabu zake huku akijisemesha mwenyewe. Tulimwita Futi, kwa sababu hakuachana na utepe wa kupimia aliorithi kwa marehemu bibi yake, fundi cherehani. Alipima madaftari, madirisha, hata masikio yangu.

Jioni mlango ulifunguka, lakini mama mtu hakutoka kuzungumza. Alitoka amepinda kama ndoano, akajilaza chali mkekani, macho darini. Kutwa nzima alikuwa amekalia kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa kamba.

"Mama, leo mwalimu wetu kasema..."

"Kesho, mwanangu. Mgongo unawaka moto."

Kesho hiyo ilikuwa na umri wa miezi minne.

Ijumaa moja, akiwa palepale mkekani, binti yangu alinipa bahasha. "Baba, nimejibana nikapata hizi. Kesho nina zamu, siwezi kutoka. Nitafutieni kiti cha kukaa. Cha kukaa, baba, si cha kutazama!"

"Unamfundisha nani? Miaka thelathini nimekalia kiti cha meneja mimi!"

Futi alisogea mkekani. Alipiga magoti, akanyoosha utepe wake: kutoka kisigino cha mama hadi nyuma ya goti, kisha kutoka goti hadi nyonga. Akaandika kiganjani.

Asubuhi tulikwenda kwa muuza samani zilizotumika. Mbele kabisa kilikaa kiti cheusi cha ngozi, kipana kama kitanda, kinang'aa hadi nikajiona ndevu. Bei yake ilimaliza bahasha yote.

"Hiki hiki," nikasema. "Kama changu cha kazini."

Futi alikipima. "Babu, hata kikishushwa hadi mwisho, miguu ya mama itaning'inia. Na akiegemea, ukingo utambana nyuma ya magoti."

"Utepe wako unajua nini kuhusu mameneja?"

Muuzaji akanikodolea macho, kisha akapiga makofi. "Mzee! Si wewe bawabu wa kiwanda cha nyuzi? Nilikuwa nikileta mizigo pale. Ulikuwa unakalia kreti la soda!"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi nayo ilikuwa imejaa viti. Futi alinitazama bila kucheka. Afadhali angecheka.

"Kweli, babu?"

"Kweli," nikasema. "Miaka thelathini watu walinipita langoni na maneno mawili tu: fungua, funga. Hakuna aliyekaa kuzungumza nami. Nikaanza kujitungia vyeo."

Akaviringisha utepe wake. "Hata mimi najisemesha, babu." Kisha akauliza, "Na hilo kreti lilikuumiza wapi?"

Hapo nikamwonyesha: kiunoni, pale mgongo unapoingia ndani, maana kreti halina egemeo, na mapajani, maana ukingo wake ulizuia damu isipite. Tukatafuta upya kwa vipimo vyake na maumivu yangu. Nyuma ya makabati tukakuta kiti cha kijivu, kitambaa kimepauka, mkono mmoja umechubuka. Lakini kilipanda na kushuka, kilisukuma kiuno kwa upole, na miguu ingetua sakafuni. Nilikikalia nusu saa nzima, maana kwa dakika moja kila kiti ni kitamu. Nusu ya bahasha ilitosha.

Njiani, mteremkoni, kiti kilituponyoka. Kikampita mwendesha baiskeli, kikakata kona, kikapiga breki mlangoni petu chenyewe!

Jumatatu jioni mlango ulifunguka. Binti yangu alitoka wima. Akaupita mkeka, akavuta kiti cha mezani, akakaa.

"Haya, Futi. Yule mwalimu alisemaje?"

Mtoto alikuwa na habari za miezi minne. Chai ilipoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Habari ya kreti nayo ikafika.

"Kiti hupimwa kwa anayekikalia, si kwa anayekitazama," binti yangu akasema. "Na wewe baba, ukweli wa kreti lako umetufaa kuliko umeneja wako wote. Kuanzia leo, kila uongo ni saa moja: unazima redio, unakaa na mjukuu wako."

Basi hadithi imekwisha. Ningeweka nukta hapa, ila kuna mtu anasomea begani kwangu.

"Babu, kiti hakikuponyoka. Ulikikalia wewe ukaniambia nikusukume, ukaangukia mtaroni."

"Ni chumvi kidogo tu, mjukuu wangu."

"Na meno je? Fungua mdomo." Utepe uko tayari. "Moja, mbili, tatu... kumi na moja! Uongo mara mbili, saa mbili. Kaa!"

Nimezima redio. Nimekaa.