Maporomoko ya Maji na Kuku wa Mama Mkwe

Matiko alikuwa mfugaji wa milimani, Tarime. Kila asubuhi alikamua ng'ombe, akawatoa zizini, ndipo akanywa uji. Aliweza kuchunga kutwa nzima bila kunywa tone la maji. Hilo alipenda kulisema, hasa kwa watu ambao hawakumuuliza.

Binti yake, Sarah, alikuwa darasa la nne. Alitamani sana kuona maporomoko ya maji yaliyo ndani ya msitu, juu ya mlima.

"Jumamosi nitakupeleka," Matiko alimwambia. "Ni hapo tu."

"Hapo tu" ya mfugaji, ndugu msomaji, ni mbali.

Ilikuwa mwezi wa nne, wakati wa mvua. Walitoka baada ya kukamua na kunywa chai. Hawakubeba maji wala chakula. Sarah alivaa kandambili.

"Mtarudi saa ngapi?" aliuliza Tabitha, mke wa Matiko.

"Tukifika, tutarudi."

Njia ilipita nyumbani kwa Bibi Ester, mama yake Tabitha. Kwa Wakurya, mwanamume humheshimu sana mama mkwe wake. Habishani naye. Hata kumtazama usoni ni vigumu.

"Mkwe wangu apite hivihivi?" Bibi Ester alisema kwa furaha. "Kaeni! Kuku anakamatwa."

Kuku mwenyewe hakuwa na haraka ya kukamatwa. Alikimbizwa weee, akachinjwa, akapikwa taratibu, ugali ukasongwa. Matiko aliketi mbali kidogo, macho chini. Aliona jua linapanda, lakini hakuthubutu kusema kwamba wana safari. Walipoondoka ilikuwa mchana.

Walivuka mto kwa kukanyaga mawe, wakaanza kupanda msituni. Hawakufika mbali. Wingu zito lilifunika kilele, mvua ikanyesha huko juu. Matiko akaamua warudi. Walipofika mtoni, mawe yote yalikuwa yamefunikwa. Maji yalikuwa na rangi ya udongo.

"Panda mgongoni," alisema Matiko.

"Tata, naogopa," Sarah alimwambia baba yake.

"Usiogope. Hapa huwa navusha ng'ombe."

Katikati ya mto aliteleza. Sarah akachomoka mgongoni. Maji yalimbeba mpaka kwenye mizizi ya mti, na hapo Matiko akamdaka gauni. Alimkumbatia ukingoni, wote wawili wakilia.

Tangu siku hiyo Sarah hakutaka kwenda hata mtoni kuchota maji. Baba yake akimwita watoke pamoja, alishika sketi ya mama yake. Jambo hilo lilimuuma Matiko kuliko teke la ng'ombe. Tabitha hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Jirani yao, Agustina, alikuwa mlinzi wa msitu wa kijiji. Jioni moja alikuja kurudisha jembe. Matiko akamweleza yote.

"Shida si miguu yako, baba Sarah," alisema Agustina. "Shida ni saa. Msimu huu mvua hupenda kunyesha mchana. Ukienda msituni, ondoka alfajiri. Ikifika saa nne na nusu, geuka, umefika au hujafika."

"Hata kama nimebakiza kidogo?"

"Hata kama unayasikia maporomoko. Na mto ukijaa au ukibadilika rangi, usivuke. Kaa mahali palipoinuka, usubiri upungue. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku wewe uko juani."

"Na maji ya kunywa? Mimi huwa sinywi."

"Wewe, sawa. Na mtoto?"

Matiko alikuna kichwa. Agustina akaendelea. "Beba maji yaliyochemshwa, chakula na koti la mvua. Mtoto avae viatu vya kufunga, visivyoteleza. Na mniambie mnapita wapi na mtarudi saa ngapi. Msiporudi, nitajua pa kuwatafuta."

"Hayo yote naweza," alisema Matiko kwa sauti ndogo. "Lakini mama mkwe je?"

Agustina alicheka mpaka akaketi. Tabitha alikuwa akichambua maharage. Aliinua kichwa. "Huyo niachie mimi."

Sarah alikubali kwenda, mradi mama yake aende pia. Basi Tabitha akapiga simu.

"Mama, shikamoo. Kesho tutapita kwako alfajiri. Hatutakaa. Tutakula tukirudi."

"Mkwe wangu apite mlangoni kwangu na njaa? Watu watasemaje?"

"Mama, siku ile mjukuu wako nusura aende na maji. Walichelewa kwa ajili ya kuku."

"Mbona mkwe hakusema?"

"Angesemaje, mama?"

"Basi piteni," alisema Bibi Ester taratibu. "Nitasimama njiani niwasalimie tu."

Kesho yake walipofika mtoni, jua lilikuwa bado changa. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Maji yalikuwa ya udongo, na mawe mawili tu yalionekana. Sauti ya maporomoko ilisikika kutoka msituni.

Matiko alisimama ukingoni. Sarah hakuutazama mto. Alimtazama baba yake.

"Turudi," alisema Matiko.

"Tumeshindwa, tata?"

"Leo mto umekataa. Tutakuja siku nyingine."

Aliona aibu kidogo, nisikufiche. Lakini kwa Bibi Ester walikula kuku wakashiba, na Sarah hakuacha kumsimulia bibi yake: "Tata alikataa kuvuka! Alisema turudi!" Mvua kubwa ilipoanza, wao walikuwa ndani wanakunywa chai.

Walikwenda tena mwezi wa saba, mvua zilipokuwa zimekoma. Walimwambia Agustina njia yao, wakaondoka alfajiri. Mto ulikuwa mdogo, maji yake maangavu mpaka chini. Walivuka juu ya mawe, wakapanda polepole, wakapumzika, wakanywa maji. Matiko naye alikunywa, tena mara mbili.

Kisha miti ikaachana, na maporomoko yakawa mbele yao. Maji yaliruka kutoka juu ya mwamba mrefu, matone yake yakawalowesha nyuso. Tabitha alipiga kigelegele.

Sarah aliiachia sketi ya mama yake. Akamwendea Matiko, akaushika mkono wake.

"Tata, twende karibu."

Wakasogea pamoja mpaka pale mwamba mkavu ulipoishia. Hapo Matiko akasimama, na Sarah akasimama naye.