Kofia ya Taa ya Nadine

Hii ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, jagi langu jekundu la kioo, lenye umri wa miaka mia na ushee, liondoke mikononi mwangu.

"Emmett, mwambie huyu mama aniuzie kofia ya taa yangu," Verlin aliniambia. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, hapa Ohio, katika mkutano wetu sisi wakusanyaji wa vioo vya zamani.

"Taa yako tangu lini?" Nadine akamjibu bila kugeuka. "Uza wewe huo mguu."

Verlin alifiwa na mke, Nadine na mume. Mmoja ana mguu wa taa, mwenzake ana kofia yake, vyote vya kioo cha manjano. Mimi ndiye niliyewaapia kuwa ni taa moja: fundi wa vioo aliipuliza kwa ajili ya mkewe, watoto wao wakaja kuigawana. Tangu hapo wanapigiana simu kila jioni, wanagombana, wanacheka.

Kisha Verlin akatuma ujumbe: "Jumamosi nahamia Arizona kwa binti yangu. Kwa mara ya mwisho, unauza?"

Nadine aliusoma mara mbili, uso ukamsawijika. Akajibu: "Siuzi. Lete mguu wako, tuione taa nzima kabla hujaenda. Emmett yuko hapa, anamaliza pai yangu."

Verlin akaja amekumbatia mguu ndani ya blanketi. Kofia ikakaa juu yake sawasawa.

"Si niliwaambia?" nikajitapa.

Nadine akafunga mapazia, akawasha tochi ya zambarau, ile ambayo sisi hatununui kioo bila kukimulika nayo, maana vioo vingine vya zamani huwaka chini ya mwanga wake. Mguu ukawaka kijani kama macho ya paka. Kofia ikabaki giza.

"Kioo kilichoyeyushwa chungu kimoja huwaka pamoja," Verlin alisema polepole. "Hii si taa moja."

"Najua. Kofia niliimulika siku niliyoinunua. Na wewe kila mkutano unajisifu mguu wako unawaka."

"Ulijua, ukaniacha nikupigie simu miaka yote?"

"Ningekwambia, ungenipigia kwa lipi?"

Verlin akavuta kiti. "Mimi sikuwahi kukuuliza kama yako inawaka. Niliogopa jibu."

"Binti yako anakungoja."

"Aje yeye huku. Aje harusini, kama utanikubali."

"Mguu unabaki mezani kwangu?"

"Unabaki. Na mwenyewe?"

"Abaki. Ila avue viatu mlangoni."

Mimi nilishaanza kunyata na kipande cha mwisho cha pai.

"Emmett," Nadine akaniita. "Yule fundi na mkewe uliwatoa wapi?"

"Walinijia tu kichwani."

"Na siku ile ulituapia kwa kitu gani?"

"Kwa jagi."

Siku ya harusi jagi lilikaa kwenye meza ya maharusi, limejaa maji ya limau. Nikaomba angalau niwamiminie wageni.

"Mimina," Nadine alisema. "Lakini shika kwa mikono miwili. Ni la watu."